Thumuni ya Babu Yako

Aliileta ndani ya kipande cha bomba la maji,
kijana wa watu, viatu vyeupe katika vumbi la Bondeni.
Fundi, akasema, fremu nyeusi, kioo kisichong'aa,
kuna hoteli wameitaka, ukuta ule wageni wanaponywea kahawa.
Babu yake aliichonga. Senzighe wa karakana ya reli,
mchonga namba za mabehewa,
aliiba bamba moja la shaba, akalipigia chapa kwa jeki.
Mwaka hamsini na tatu, au nne. Masika.

Nikaikunjua mezani, nikazibana pembe
kwa nyundo, kwa kopo la gundi, kwa chupa ya chai, kwa kiwiko changu.

Ghala la kahawa, Kiboriloni.
Kundi la Kaptula Moja wanavaa.
Waliitwa hivyo kwa kuwa kaptula nzima ilikuwa moja,
anayetoka jukwaani humvulia anayeingia.
Huyu hapa Bwana Shauri, kofia yake nusu kibuyu,
kaptula bado iko kwa mwenzake,
kasimama na miguu yake ya kuku
akifanya mazoezi ya kukasirika.
Mbonea, malaika, mabawa ya majani ya mgomba,
kaishika kata ya mbege kwa mikono miwili.
Shekivuli ni simba, manyoya ya katani,
anashonwa akiwa ndani, na sindano imempata.
Mbuzi, na huyu mbuzi si mchezaji,
anatafuna onyesho la tatu.
Juu ya magunia, taji la kopo kichwani,
mfalme kafungua joho, ananyonyesha.

Chini, mistari mitatu, kinyumenyume.
Vibao vya behewa huchongwa kama visomwavyo;
hakuna aliyemwambia kwamba karatasi hugeuza.
Nikaazima kioo kwa kinyozi wa jirani:

*Mfalme anyonyesha, malaika amelewa,*
*taji kopo la samli, simba ngozi kashonewa,*
*mliotoa thumuni, hicho ndicho mlopewa.*

Vina vya mwisho vimekaa. Vya kati vinachechemea.

Kijana akacheka. Nami nilicheka, sikatai,
ile miguu ya kuku huwezi kuivumilia.
Kisha kioo kikanitetemeka, kwa sababu mfalme
ana kidole gumba kilichopinda nje,
na mimi kidole hicho ninacho,
ndicho nilichoshikia kioo.
Bibi Ndeanasia.
Na huyo aliyeng'ang'ania ziwa, kisigino kimoja hewani,
ni baba, aliyekufa karani wa chama cha ushirika,
mtu wa tai, mtu asiyependa mchezo wowote.

Nikaitazama upya, kama nitazamavyo ubao
kabla ya msumeno.
Mbona tunaona utosi wa kila mtu?
Mbona pembeni kuna boriti, na ncha za misumari,
na ukingo wa bati, umekunjuliwa kidogo?
Senzighe hakuwa ndani. Alikuwa juu ya paa,
tumbo kwenye bati lililolowa,
jicho kwenye tundu.
Na kila mshono wa joho ameuchonga,
kila uzi wa katani, hata ukucha wa mtoto.
Mwenye kudhihaki tu hahangaiki na ukucha.

Wengine wote wana shughuli zao. Mfalme peke yake
kainua macho, anatazama tunduni moja kwa moja
wala hafuniki ziwa. Mdomo wake uko nusu:
ama anataka kumwita mlinzi,
ama anasema, Kaa vizuri, utaanguka.

Fundi, kiasi gani?
Elfu thelathini na tano, nikasema, mbao ya mkangazi,
kioo nitakukatia mwenyewe.
Na thumuni.
Akauliza thumuni ni kitu gani.
Deni, nikamwambia. La babu yako.